Hakuna Aliyeuliza Nani Kamroga

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa fasihi na wageni wetu wote: asanteni kwa kuniita, na asanteni zaidi kwa kuja.

Mmeniomba nizungumzie istiara, yaani kisa au kitu kinachosimama badala ya kingine, na taashira, yaani vitu vinavyobeba maana zaidi ya vyenyewe, katika novela ya Franz Kafka, mwandishi wa Prague aliyeandika kwa Kijerumani: Die Verwandlung, ambayo sisi tunaweza kuiita Kugeuka. Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Gregor Samsa, kijana anayezunguka na treni kuuza vitambaa, anaamka asubuhi baada ya ndoto za mahangaiko na kujikuta kitandani amegeuka dudu kubwa la kutisha. Familia yake inamficha chumbani, inamlisha, inamchoka. Mwishowe anakufa, na kikongwe anayefanya usafi wa nyumba anamwondoa. Basi. Lakini tangu hadithi hii ichapishwe mwaka 1915 wasomi hawajaacha kugombania maana yake, na mimi leo nimekuja kugombana kidogo.

Nianze na kitu ambacho hakimo kitabuni. Sisi tuliolelewa na hadithi za jioni tunajua kwamba mtu hageuki hivi hivi. Akigeuka nyoka, ipo laana. Akigeuka nyani, kavunja mwiko. Msichana anayejikuta kaolewa na zimwi alikuwa kwanza amewakataa wachumba wote wa kijijini. Ajabu ina pa kuingilia, na kwa sababu hiyo ina pa kutokea pia: dawa, kafara, radhi ya mzazi. Watoto waliokaa mkekani wakisikia habari za Gregor wangeuliza kwa sauti moja: nani kamroga?

Nyumbani kwa akina Samsa hakuna aliyeuliza. Baba hakuuliza, mama hakuuliza, wala Grete, dada mtu, hakuuliza. Daktari na fundi wa makufuli walioitwa asubuhi ile walirudishwa kwa visingizio, wasimwone mgonjwa. Naye Gregor mwenyewe, akiwa chali, viguu vyake vyembamba visivyohesabika vikitapatapa hewani, anawaza nini? Anailalamikia kazi. Kuamka alfajiri, kuwahi treni za kuunganisha, chakula kibaya cha njiani, watu wa kukutana nao leo na kuachana nao kesho. Saa yake ya kengele ilitegwa ilie saa kumi alfajiri, treni yake iliondoka saa kumi na moja, na sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Mtu amekuwa mdudu, na hofu yake ni kuchelewa kazini! Anafikiria kutuma taarifa kwamba anaumwa, kisha anaona aibu, maana katika miaka mitano ya kazi hajaugua hata siku moja; mwajiri atamleta daktari wa bima, na kwa daktari yule binadamu wote ni wazima ila wavivu.

Hapo ndipo mnaposikia kicheko cha Kafka. Wanaomfundisha kama mwandishi wa huzuni tupu wanatunyima nusu ya chakula.

Wengi wetu tulikutana na istiara kwa mara ya kwanza shuleni kupitia Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya Animal Farm ya George Orwell. Istiara ya namna ile ina ufunguo: nguruwe huyu ni mtawala fulani, farasi yule ni mfanyakazi wa jasho, na ukishamaliza kulinganisha unaweza kufunga daftari. Mazoea hayo tunayapeleka kwa Kafka, tunamwinua dudu kwenye mwanga na kuuliza, huyu ni nani? Wapo wanaojibu kwamba ni mtoto aliyekandamizwa na baba. Wapo wanaosema ni Myahudi katika Ulaya iliyomwona mdudu. Wengine wanaona msanii asiyeeleweka kwao, wengine mfanyakazi aliyenyonywa hadi akapoteza utu. Wapo hata waliomwona Yesu, kwa kuwa Gregor anakufa mwishoni mwa Machi, saa ya mnarani imegonga saa tisa ya usiku, akiwa na jeraha mwilini na upendo kwa waliomtesa moyoni.

Sisemi majibu hayo ni uongo. Kila mmoja ana kurasa za kumtetea. Tatizo ni kwamba kila jibu linataka dudu awe barua yenye jina la mtu juu yake, wakati Kafka amemweka dudu pale afanye kazi nyingine. Dai langu ni hili: Gregor si fumbo la kuteguliwa. Yeye ni kipimo. Amewekwa ndani ya nyumba ili tuone kila aliyemo anapimwa kwa kitu gani, na katika nyumba hii mtu anapimwa kwa kile anacholeta. Kwa hiyo ukitaka kuzielewa taashira zake, fuata pesa. Nitajaribu kuwaonyesha.

Miaka mitano kabla ya asubuhi ile biashara ya baba ilianguka. Gregor, aliyekuwa karani mdogo, akajitosa katika uuzaji wa kusafiri, na kamisheni zake zikageuka fedha taslimu alizozimwaga mezani mbele ya wazazi waliopigwa na butwaa. Zilikuwa siku nzuri, anakumbuka, na hazikurudi tena. Fedha ziliendelea kuja, familia ikaendelea kupokea kwa shukrani, ila lile joto la mwanzo halikuwepo. Wote walizoea. Deni la wazazi ni kwa mwajiri huyohuyo anayemtumikisha, na Gregor amepiga hesabu kwamba akivumilia miaka mingine mitano au sita litakwisha, ndipo atakapomwambia bosi yaliyo moyoni.

Baada ya kugeuka, akiwa nyuma ya mlango, anasikia jambo. Baba anafungua kisanduku cha fedha kilichookolewa kwenye ule mfilisiko na kuieleza familia hali ilivyo. Kumbe kuna akiba iliyosalia kutoka zama za biashara. Kumbe hata mshahara wa Gregor haukuwa ukiisha kila mwezi, na mabaki yake yamekuwa mtaji mdogo. Nawaomba mwone uzito wa habari hiyo. Kijana amekuwa akikimbizana na treni alfajiri kulipa deni ambalo fedha zile zingelipunguza, na siku ya kuiacha kazi ingekuwa karibu zaidi. Sasa anafanyaje? Anatikisa kichwa kwa furaha nyuma ya mlango, anaisifu busara ya baba yake. Anakumbuka kidogo kwamba deni lingeweza kupungua, kisha anajiambia kwamba hivi alivyopanga baba ndivyo bora.

Ningeambiwa nichague ukurasa mmoja wa kufundishia kitabu kizima, ningechagua huo, si ule wa kwanza unaojulikana na kila mtu. Miguu ya mdudu ilimwota usiku mmoja. Tabia ya kujifuta ilimwota miaka mingi nyuma, taratibu, bila mtu kushtuka.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ila huyu hakuwa mgeni. Nyumba ile ni yeye aliyeitafuta. Dada mtu, Gregor ndiye aliyekuwa amwingize chuo cha muziki akasomee fidla, gharama ziwe zozote, na alipanga kuitangaza habari hiyo usiku wa kuamkia Krismasi. Jembe alikuwa nalo mkononi peke yake. Lilipomdondoka, ndipo waliobaki wakakumbuka kwamba nao wana mikono: baba akawa tarishi wa benki, mama akashona nguo za ndani kwa ajili ya duka, Grete akapata kazi ya kuuza dukani na jioni akajifunza hatimkato na Kifaransa. Watu watatu waliokuwa hawawezi kazi, wote waliweza.

Kwa nini mwandishi mmoja wa Prague aliyaona haya kwa jicho kali namna hii? Sipendi sana kueleza vitabu kwa maisha ya waandishi, lakini hapa kuna jambo ambalo ni hasara kulipita. Kafka alikuwa mwanasheria mwenye shahada ya udaktari aliyoipata mwaka 1906. Kuanzia mwaka 1908 hadi alipostaafishwa kwa ajili ya kifua kikuu mwaka 1922 aliajiriwa na Taasisi ya Bima ya Ajali za Wafanyakazi ya Ufalme wa Bohemia. Alikwenda viwandani, akapanga viwanda kwa daraja za hatari, akajibu rufaa za wenye viwanda waliokwepa kuchangia. Katika ripoti ya taasisi ya mwaka 1909 kuna maandishi yake juu ya mashine za kuranda mbao, yenye michoro ya mashine na ya mikono iliyokatwa vidole, akieleza kwa nini mhimili wa duara unaobeba visu vya mashine ni salama kuliko ule wa pembe nne uliozoeleka.

Fikirini maana ya kazi hiyo. Mchana kutwa mtu huyu anashughulika na swali moja: mwili uliobadilika ghafla, asubuhi moja, kazini, umepoteza kiasi gani cha uwezo wa kuchuma? Fidia hukadiriwa kwa kipimo hicho. Hakuna aliyeroga, ipo ajali tu, na baada ya ajali hesabu. Halafu usiku anakaa kuandika habari za kijana ambaye mwili wake umebadilika ghafla asubuhi moja na hana tena uwezo wa kuchuma. Mimi sihitaji ufunguo mwingine wa kunieleza kwa nini hadithi hii haina mchawi.

Twende kwenye taashira zenyewe. Nitatembea harakaharaka katika nyingine na kukaa katika mbili.

Kwanza sare ya baba. Huyu ni mzee ambaye zamani Gregor akirudi safari alimkuta kwenye kiti akiwa na kanzu ya kulalia, hawezi hata kuinuka, anainua mikono tu kuonyesha kwamba amefurahi. Sasa amesimama wima katika sare ya buluu iliyombana, yenye vifungo vya dhahabu, kola ndefu ngumu, na kofia yenye nembo ya benki. Kugeuka kwa pili kitabuni ni huku. Na baba haivui sare! Anasinzia nayo kitini usiku, imejaa madoa, vifungo vikimetameta, kana kwamba hata ndani ya nyumba yake anamngoja bosi amwite. Kuna wasomi wanaoitazama sare hii wakaona mamlaka ya baba iliyorudi. Wako sawa nusu. Ni sare ya tarishi. Mamlaka yote aliyonayo ameazimwa na benki, na anaogopa kulala bila hayo.

Akiwa ndani ya sare hiyo ndipo anapojaza mifuko matofaa mekundu kutoka kwenye bakuli na kumrushia mwanawe. Moja linazama mgongoni na kubaki humo, linaoza, hakuna anayethubutu kulitoa. Tofaa, baba, adhabu: msomaji yeyote aliyepita Shule ya Jumapili anaiona bustani ya Edeni. Haya, na tuione. Lakini tusisahau kwamba kabla ya kuwa Edeni lile ni tunda la mezani, chakula. Familia aliyoilisha miaka mitano inampiga kwa chakula. Ndivyo taashira za Kafka zinavyofanya kazi: kitu kinabaki kitu, kina uzito, kinaoza kwa harufu, na maana inakuja baadaye ikipenda. Mwandishi dhaifu angetangulia na maana, halafu akatafuta tunda la kuitundikia.

Samani. Grete anataka kuzitoa chumbani ili kaka yake apate nafasi ya kutambaa kutani na darini, jambo ambalo ameanza kulifurahia. Mama anapinga: tukizitoa, si tutakuwa tunamwonyesha kwamba tumekata tamaa? Kila mmoja ana huruma, na huruma hizo mbili zinapigana juu ya kabati. Gregor mwanzoni anakitaka chumba kitupu, kisha anaposikia sauti ya mama anashtuka kwamba alikuwa karibu kuusahau ubinadamu wake. Inatolewa meza aliyoandikia kazi za shule tangu alipokuwa mtoto. Anaparamia ukutani na kuing'ang'ania picha moja, ya mwanamke aliyevaa manyoya, aliyoikata kwenye gazeti na kuitilia fremu ya dhahabu kwa mikono yake. Mengi sana yameandikwa juu ya mwanamke yule na ashiki. Mimi naiona fremu kwanza. Katika chumba kizima ndicho kitu alichokitengeneza bila kulipwa.

Baadaye chumba kile kinakuwa stoo. Pipa la majivu linaingizwa, pipa la takataka linaingizwa, na vitu visivyouzika wala kutupika vinamfuata Gregor ndani. Hapo hakuna haja ya ufafanuzi wangu.

Fidla inastahili kukaa nayo. Familia imewapangisha mabwana watatu wenye ndevu, ambao nyumba nzima inawanyenyekea kwa sababu wanalipa. Jioni moja Grete anawapigia fidla. Wanachoka upesi, wanasogea dirishani wakivuta sigara. Anayesikia muziki ule kwa moyo ni mmoja tu, naye anatoka chumbani kwake akiburuta vumbi, nyuzi na mabaki ya chakula mgongoni. Kafka anauliza hapo swali ambalo limezaa maktaba nzima: je, alikuwa mnyama, ikiwa muziki ulimgusa kiasi hicho? Walimu hupenda kusimama hapo wakazungumza juu ya sanaa na roho, na mimi nimewahi kuifurahia mihadhara hiyo. Lakini someni mistari inayofuata. Wapangaji wanamwona dudu, na kiongozi wao anatangaza kwamba anahama na hatalipa hata senti kwa siku walizokaa. Ndipo Grete, yule yule aliyekuwa akimletea kaka yake chakula cha kuchagua juu ya gazeti kuukuu, anapiga mkono mezani na kusema lazima tuliondoe. Kama kweli angekuwa Gregor, anasema, angeelewa zamani na kuondoka mwenyewe. Hukumu inatoka dakika chache baada ya kodi kupotea. Muziki haukumwokoa, nao haukuwa sababu ya kumhukumu. Sababu ilikuwa kodi.

Na mdudu mwenyewe, je? Wengi wanamwita mende. Kitabu kinatupa mgongo mgumu, tumbo la rangi ya udongo lenye mapindo, na viguu vingi. Kikongwe wa usafi anamwita dudu la mavi kwa utani usio na chuki, na pengine ndiye pekee anayezungumza naye bila kinyaa. Vladimir Nabokov, mwandishi wa riwaya, alipokuwa akifundisha chuo cha Cornell huko Marekani, alishikilia kwamba ni mbawakavu, mwenye mabawa chini ya gamba ambayo Gregor hakuwahi kuyagundua. Wazo zuri sana, linatia uchungu, ila Kafka hakulisema. Alilosema tunalijua. Mwezi Oktoba mwaka 1915, aliposikia kwamba mchoraji Ottomar Starke atachora jalada, alimwandikia mchapishaji kwa hofu kwamba dudu lisichorwe, hata kwa mbali. Akapendekeza kingine: wazazi na dada wakiwa sebuleni kwenye taa, na mlango wa chumba cha pili, chenye giza, uko wazi. Jalada lililotoka lina mtu aliyefunika uso kwa mikono, na nyuma yake mlango ulio wazi wenye giza tupu.

Kama mwenye hadithi anakataza mdudu asichorwe, kisha anaelekeza mwanga kwa wazazi na dada, basi ametuambia tutazame wapi.

Nimesema sipendi kueleza vitabu kwa maisha, na sasa nitafanya hivyo mara ya pili, mnisamehe. Familia ya Kafka ilikuwa na hisa katika kiwanda kidogo cha asbesto jijini Prague, kilichohusu mume wa dada yake Elli, na ikamtaka Franz akisimamie mchana, saa zake za mapumziko, zile alizohitaji ili aandike usiku. Oktoba 1912 alimwandikia rafiki yake Max Brod kwamba alisimama dirishani akawaza kujirusha. Kilichomuumiza ni kwamba hata Ottla, dada yake mpendwa aliyekuwa upande wake siku zote, safari hii aliungana na wazazi. Wiki kama sita baadaye, tarehe 17 Novemba, akaanza kuandika juu ya dada anayempenda kaka yake hadi siku anapoacha. Alimaliza tarehe 7 Desemba. Ukiyajua haya, Grete haachi kuwa Grete, lakini unaelewa kwa nini hajachorwa kama mkatili. Ni binti wa miaka kumi na saba aliyebeba zamu ya mgonjwa peke yake mpaka akachoka. Kila nyumba iliyowahi kuuguza mtu kitandani miezi na miezi inalijua hilo, na hailisemi.

Mwisho wa hadithi Kafka mwenyewe hakuupenda. Januari 1914 aliandika katika shajara yake kwamba hausomeki, akailaumu safari ya kikazi iliyomkatiza. Kwa heshima zote, namkatalia. Asubuhi ya kifo cha Gregor familia inaamua kupumzika, na kitu cha kwanza inachofanya ni kukaa mezani kuandika barua tatu za udhuru, kila mmoja kwa mwajiri wake. Ile taarifa ambayo Gregor aliona aibu kuituma siku ya kwanza, wao wanaituma bila wasiwasi asubuhi ileile aliyokutwa amekufa. Kisha wanapanda tramu kwenda nje ya mji, jua linaingia behewani, wanajadili matumaini yao, na kukubaliana kuhamia nyumba ndogo, ya bei nafuu, iliyo mahali pazuri kuliko hii aliyoichagua marehemu. Grete anajinyoosha, na wazazi wake wanamtazama. Wameona jinsi alivyokua na kupendeza, na wote wawili, bila kusemezana, wanafikiri kwamba sasa ni wakati wa kumtafutia mume mzuri.

Hapo Kafka anaacha, na mimi naacha. Muda niliopewa nimeshaupita, na naona mwalimu mmoja wa mstari wa mbele ana hoja ya kumtetea yule mwanamke wa manyoya. Karibu, mwalimu.